Msiba Jukwaani: Mchezo wa ZAU na Lugha ya Baba



Mimi si mtu wa gemu. Nimesomea uhandisi wa mitambo, umri wangu umeshapita hamsini, na mpaka juzi nilichokijua kuhusu gemu ni bei yake, kwa kuwa mlipaji ni mimi. Kwa hiyo msomaji akiona nimeshika kalamu kuhakiki mchezo wa kompyuta ana haki ya kucheka. Naomba tu acheke huku akisoma.

Miaka michache kabla ya korona nilimpeleka mwanangu wa mwisho kwenye maonyesho ya gemu katika ukumbi wa Metro Toronto Convention Centre, pale Front Street. Makampuni makubwa yalikuwa na mabanda yenye taa na muziki wa kupasua masikio. Pembeni kulikuwa na safu ya meza ndogo. Kila meza ilikuwa na skrini moja, na nyuma yake vijana wawili watatu wamesimama wakikutazama unavyoichezea kwa dakika tano kazi iliyowachukua miaka. Hapo ndipo nilipovutiwa, maana sisi wahandisi tunaijua hali ile. Siku ya kumwonyesha mteja mtambo huonyeshi mtambo mzima. Unaonyesha kipande ambacho una hakika hakitakuaibisha, na unamwomba Mungu mteja asiguse kitufe kingine.

Nilizunguka meza zote nikitafuta, kama tufanyavyo sote ugenini, jina la kwetu, sura ya kwetu, hata neno moja la kwetu. Sikuona. Mwanangu akaniuliza, "Baba, unatafuta nini?" Nikamjibu, "Choo."

Nilichokuwa nakitafuta kilionekana tarehe 7 Desemba 2023, tena mbali na Toronto. Siku hiyo huko Los Angeles ilifanyika sherehe ya The Game Awards, ambayo kwa jina ni ya tuzo lakini kwa hakika ni maonyesho makubwa ya gemu zinazokuja. Washindi wenyewe walikuwa wakiharakishwa washuke ili matangazo yapate nafasi. Katikati ya pilikapilika hizo akapanda jukwaani Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza aliyezaliwa na wazazi wa Kenya. Wapenzi wa gemu wanamjua kwa sauti yake ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Alikuja kuonyesha kazi ya kwanza ya studio yake, Surgent Studios: mchezo uitwao Tales of Kenzera: ZAU. Kabla ya kuonyesha picha yoyote alimzungumzia baba yake, aliyekwisha kufariki, ambaye ndiye aliyemwingiza katika gemu. Baba huyo alikuwa mhandisi wa programu.

Mimi niliitazama baadaye kwenye kompyuta, na nakiri kwamba nilisimamisha picha nikaenda jikoni kuchemsha chai ambayo sikuwa na haja nayo.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe kwa wale walio kama mimi. Ulitoka tarehe 23 Aprili 2024 chini ya kampuni ya EA, kwa bei ya dola 20 hivi za Marekani, yaani chini ya theluthi ya bei ya gemu kubwa za siku hizi. Unamwona mhusika kwa ubavu, akikimbia, akiruka na kupigana. Katika mji wa kubuni uitwao Amani, kijana Zuberi amefiwa na baba yake, naye baba amemwachia hadithi aliyoiandika. Ndani ya hadithi hiyo yumo Zau, mganga kijana, ambaye naye amefiwa na baba. Zau anakataa kuyakubali. Anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mapatano: akimletea pepo watatu wakubwa walioikataa mauti, basi arudishiwe baba yake. Silaha zake ni vinyago viwili alivyoachiwa na baba, kimoja cha Jua na kimoja cha Mwezi.

Sasa tuje kwenye uhakiki. Swali la kwanza nililojiuliza ni la adabu. Je, inafaa mtu kupanda kwenye jukwaa la biashara na kuutaja msiba wa baba yake ili bidhaa inunuliwe? Rafiki yangu mmoja hapa Scarborough aliniambia waziwazi kwamba ile ni mbinu ya kuuza. Nimelifikiria jambo hilo, na sikubaliani naye. Kwetu msiba haujawahi kuwa siri ya chumbani. Watu hukaa matanga, hupikiwa, humtaja marehemu kwa sifa zake na vichekesho vyake, na kwenye khitma hiyo hiyo, sahani zikishaondolewa, utawasikia wanapatana bei ya mbao. Hakuna anayeona kwamba marehemu amevunjiwa heshima. Hukumu yangu kwa Salim ni ile ya mhandisi: alichokiahidi jukwaani, je, kimo ndani ya mtambo?

Kimo. Gemu nyingi hutumia kifo cha mzazi kama kiberiti cha kuwashia moto, kisha kiberiti hutupwa na kinachobaki ni mapigano. Hapa msiba hauondoki. Kila pepo amefungamanishwa na hali mojawapo ya majonzi. Njiani kuna mibuyu, na Zau akifika chini ya mbuyu huketi, akazungumza na Kalunga, akautua mzigo wake kidogo, na kwa kuketi huko uhai wake huongezeka. Kwa mhandisi huo ni ufundi wa kusifiwa, kwani maana imewekwa ndani ya mtambo wenyewe, haikubandikwa juu yake kama stika. Mchezo unakuambia kwamba mwenye kuketi na msiba wake hupata nguvu, na hausemi kwa maneno, unakufanya uketi.

Nimelipenda pia neno mganga. Katika Kiingereza cha mchezo Zau anaitwa nganga, na mzungu huchukua kwamba hilo ni jina la ajabu la kale. Sisi tunalijua neno hilo kwa sura mbili zisizofanana. Kuna mganga wa vibao vya barabarani, anayeahidi kurudisha mpenzi na kupandisha cheo, na kuna mganga mkuu wa wilaya mwenye koti jeupe na faili. Katikati tumesahau kwamba asili yake ni kuganga tu, yaani kutibu. Wazee walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Zau kwa muda mrefu anataka kuyaganga yaliyopita, na hilo ndilo kosa lake. Sijui kama watungaji waliikumbuka methali hiyo, lakini mchezo wao wote ni tafsiri yake.

Yapo ya kulaumu. Mapigano, baada ya saa tatu nne, yanajirudia kama mashine yenye gia mbili. Mazungumzo mahali pengine yanaeleza mno: Kalunga akishasema jambo la busara, mara analifafanua, utadhani anaogopa hatukumsikia.

Kubwa zaidi ni mchanganyiko wa mila. Mchezo ulitangazwa kwamba msingi wake ni hadithi za Kibantu. Kalunga ni jina la Kibantu kweli, linajulikana Kongo na Angola. Pepo mmoja, Impundulu, ndege wa radi, ni wa Waxhosa na Wazulu. Lakini GaGorib ni wa Wakhoikhoi, ambao si Wabantu, na Kikiyaon ametoka Afrika Magharibi, pande za Senegal na Gambia. Kutoka pwani yetu hakuna hata mmoja. Msanii ana uhuru wa kuchanganya, nami simnyimi. Ila tunapokasirika mtu anapoizungumzia Afrika kana kwamba ni kijiji kimoja, tusikae kimya yanapofanywa na wa kwetu kwa nia njema. Popobawa na majini wa mibuyu ya Mrima wangepata kazi pale bila kuombewa viza.

Lakini jambo lililonifanya niandike ni lugha. Mchezo huu una sauti za Kiswahili. Unaingia kwenye mipangilio, unachagua, na wahusika wote wanazungumza lugha yetu. Nimejaribu kukumbuka tulikotoka. Mwaka 2005 Civilization IV ilifunguliwa kwa wimbo Baba Yetu wa Christopher Tin, Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 wimbo huo ukawa muziki wa kwanza uliotungiwa gemu kupata tuzo ya Grammy. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini ulikuwa wimbo wa mlangoni. Ukishabonyeza kuanza, Kiswahili kilibaki nje. Mwaka 2007 huko Nairobi Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, kazi ya kijana mmoja aliyeamini kwamba inawezekana. Ndiyo maana Kiswahili kinachosema kutoka mwanzo wa hadithi hadi mwisho wake, katika gemu inayouzwa dunia nzima na kampuni kubwa, si jambo dogo.

Mwanangu aliucheza kwa Kiingereza. Aliumaliza, akasema ni mzuri, akataka kuendelea na mambo yake. Nikamwambia auanze tena kwa Kiswahili, nami nikaketi pembeni yake. Alinung'unika, akakubali.

Tofauti yake ni hii. Katika Kiingereza Zau hasemi father, anasema Baba. Neno hilo moja limeachwa bila kutafsiriwa ili litoe harufu ya Afrika, kama iliki kwenye chai ya hoteli. Anayelisikia hugundua kwamba yuko ugenini. Katika Kiswahili, baba halitoi harufu yoyote. Ni neno la kila siku, la kuomba nauli na kubisha hodi. Limerudi kuwa neno tu, na kwa kuwa neno tu likanichoma kuliko lilivyonichoma kwa Kiingereza. Katika Kiingereza nilimwonea huruma kijana wa mbali. Katika Kiswahili aliyefiwa nilikuwa mimi.

Baba yangu alifariki Tanga wakati mimi niko hapa, katikati ya baridi. Nilipigiwa simu alfajiri ya Toronto. Alizikwa siku ile ile alasiri, kama ada yetu ilivyo, na maziko hayangoji ndege. Matanga niliyakaa kwa simu, sikio la kushoto likiuma. Wengi wenu mnaosoma hapa mmekaa matanga ya namna hiyo. Hatukuitupia ardhi ile fumba ya udongo, na kwa hiyo kuna kitu ndani yetu ambacho bado kinapatana bei na Kalunga.

Tumalize kwa habari za baadaye, maana mhandisi hukagua mtambo hata baada ya sherehe ya ufunguzi. Mauzo hayakuisaidia studio. Mtungaji mwenyewe alilazimika kujibu hadharani matusi ya ubaguzi yaliyoelekezwa kwa timu yake. Julai 2024 wafanyakazi zaidi ya kumi walipunguzwa. Oktoba mwaka huo huo timu ya gemu ikasimamishwa, huku mradi mpya waliouita Project Uso, wenye asili ile ile ya Kiafrika, ukitafuta mfadhili. Aprili 2025 ZAU ikapata tuzo ya BAFTA ya gemu inayovuka burudani. Kisha Julai 2025 studio ikatoa Dead Take, mchezo wa kutisha unaohusu jumba la kifahari la Hollywood. Siwalaumu. Fundi hujenga nyumba inayolipiwa.

Lawama naielekeza kwetu. Kwa miaka tumelalamika kwamba watoto wetu hawasikii Kiswahili popote isipokuwa kwenye simu ya bibi. Kimewekwa sasa kwenye mipangilio, chini ya vidole vyao, na sidhani kama kampuni yoyote itakilipia tena kama hakuna anayekichagua. Mimi mwenyewe nilichelewa mwaka mzima. Nilinunua mchezo, nikajisifu kwa marafiki kwamba una Kiswahili, na mwanangu akaumaliza wote kwa Kiingereza nikiwa chumba cha pili.

Usiku ule wa mara ya pili, Zau alipoketi chini ya mbuyu, kijana aliweka mchezo chini. Nilidhani amechoka. Akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kupindapinda, "Babu alizikwa wapi?" Umri wote alionao sikuwahi kumwambia. Nikamchorea ramani nyuma ya bahasha ya bili ya umeme: barabara ya kwenda Pangani, msikiti, mwembe, kaburi la tatu.

Wasalaam.