Kumjua Mmoja Katika Arobaini

Ifikapo Julai, uwanda wa juu wa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, huwa umekwisha kukauka. Nyasi ni za kahawia kuanzia pembezoni mwa Sumbawanga hadi kwenye ukingo unaoteremkia bonde la Ziwa Rukwa. Miti ni michache, upepo unauma, na ng'ombe wanaorudi jioni wanafanana kiasi cha kumchosha mgeni. Wengi ni zebu wa asili: pembe fupi, nundu, umbo dogo, wekundu na weusi, wachache wakiwa na mabaka. Mgeni aweza kuwatazama saa nzima akaondoka na kundi tu kichwani. Mchungaji mzoefu anaona mmoja, na mmoja, na mmoja.

Hakuna kazi ninayopenda kuitazama kama yake pale anaposimama mlangoni pa zizi. Hahesabu kwa kidole. Ng'ombe wanaingia wakisukumana, vumbi linapanda, naye kimya. Wa mwisho akishapita, anakwambia nani hajarudi. Idadi haimjii kwanza. Kinachomjia ni pengo la mnyama fulani, yule mtamba mwekundu ambaye kila jioni huingia nyuma ya mama yake.

Fuatilia macho yake utaona siri ya ufundi wenyewe. Anayejifunza hushika rangi, na rangi ndiyo wanayoshirikiana wengi. Fundi hutafuta pale wanapoachana: sikio lililochanika, pembe iliyoinama, nundu inayolalia upande, mguu wa nyuma unaotupwa nje kidogo, nafasi ya mnyama katika msafara, nani anamfuata na nani anamkwepa. Na wale wawili wanaofanana kupita wote, ndugu wa tumbo moja, ndio anaowachunguza zaidi. Kwa mwanagenzi hao ndio chanzo cha makosa. Kwake yeye hao ndio walio mbali zaidi kuliko wote.

Hilo la mwisho limenifanya niuheshimu ubongo wa binadamu kama ninavyomheshimu fundi mwenyewe, maana ubongo nao hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Tumezoea kudhani tunasahau kwa sababu mambo yanafifia. Mara nyingi tunasahau kwa sababu yanasongana. Mwaka 1957 mwanasaikolojia wa Marekani, Benton Underwood, alikusanya matokeo ya majaribio ya watu waliokariri orodha za maneno. Aliyekariri orodha moja tu, kesho yake alikumbuka karibu robo tatu yake. Aliyekwisha kukariri orodha nyingi kabla ya hiyo, alibakiwa na kama moja ya tano, au pungufu. Muda uliopita ulikuwa ule ule. Tofauti ni kwamba orodha za zamani zilikuwa zinaisonga ile mpya.

Ubongo una namna ya kujikinga. Ndani yake, karibu na usawa wa masikio, kila upande una sehemu iitwayo hipokampasi, na ndani ya hipokampasi umo mkunjo mdogo uitwao denteti. Mkunjo huo una seli nyingi mno, lakini kwa kila jambo ni chache tu zinazofanya kazi. Zilizobaki hukaa kimya. Hivyo mambo mawili yanayokaribiana huweza kupewa seli zisizo sawa, kila moja likawa na alama yake. Mwaka 2007 Jill na Stefan Leutgeb, pamoja na wenzao wa Trondheim, Norwe, waliwaachia panya watembee katika boma ambalo kuta zake zilibadilishwa kidogo kidogo kutoka mraba hadi duara. Badiliko dogo tu la kuta lilitosha kubadili mapigo ya seli za denteti.

Lakini kutenganisha si kazi ya mara moja. Mwaka 2017 Avi Chanales, Brice Kuhl na wenzao walichapisha utafiti uliowafundisha watu njia za mitaani kwa picha. Baadhi ya njia zilipita mahali pamoja mwanzoni, kisha zikaachana. Mafunzo yalipoanza, alama zake katika hipokampasi hazikuwa zimetengana hivyo. Walipoendelea kujifunza, alama za zile njia zilizopishana zikasukumana, zikawa tofauti kuliko alama za njia ambazo hazikukutana kabisa. Nikisoma hapo namwona mchungaji na wale ndugu wawili wa tumbo moja.

Sehemu ngumu zaidi ya kazi yake, hata hivyo, haimo katika sura za wanyama. Imo katika siku. Ng'ombe ni yule yule, kisima ni kile kile, na asubuhi zote zinafanana. Ni lini alipandwa? Ni jana au juzi alipoanza kuzubaa na kukataa majani? Penye kupe, swali hilo ni la uhai, kwa sababu ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, hutibika vizuri ikiwahiwa, na siku moja au mbili zaweza kuamua kama mnyama atapona. Mchungaji mzuri haifungi kumbukumbu hiyo kwenye kisima, maana kisima kinamkumbusha siku zote kwa mkupuo. Anaifunga kwenye jambo lililotokea mara moja tu: siku josho lilipokosa maji, siku maksai wa jirani walipovunja nira. Ukimuuliza, anaanza na tukio hilo, kisha anamfikia ng'ombe.

Frederic Bartlett wa Cambridge, katika kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu kukumbuka, alieleza habari za mchungaji wa Uswazi (leo Eswatini), kusini mwa Afrika. Mchungaji huyo alitaja mmoja mmoja ng'ombe walionunuliwa takriban mwaka mzima nyuma, pamoja na rangi na bei zao. Yalipolinganishwa na maandishi ya mwenye mali, yalionekana makosa mawili madogo tu. Bartlett alimpima pia kijana wa huko kwa kumpa ujumbe wa kawaida aupeleke, na hakumwona akiwashinda wenzake wa Uingereza. Uwezo ule ulikaa pale palipokuwa na mazoea na mapenzi ya kitu chenyewe.

Tumezoea kumtisha mtoto asiyesoma kwamba ataishia kuchunga. Afadhali tungejifunza jinsi machungani wanavyofundisha. Kule mwanagenzi haletewi ng'ombe wekundu wiki hii na weusi wiki ijayo. Anawapata wote wakiwa wamechanganyika, kila siku, na kila siku analazimika kuwatenga. Mwaka 2008 Nate Kornell na Robert Bjork waliwaonyesha wanafunzi picha za wachoraji 12. Waliooneshwa picha zikiwa zimechanganywa walizitambua kazi mpya za wachoraji hao vizuri kuliko waliooneshwa mchoraji mmoja mmoja kwa mpangilio, ingawa wengi wao waliamini kwamba mpangilio ndio uliowasaidia. Mpangilio hurahisisha somo la leo. Mchanganyiko hufundisha kutofautisha.

Mwalimu wa Laela au Matai, huko huko Ufipa, anayeona darasa lake likichanganya eneo na mzingo ana jambo la kufanya kesho asubuhi. Asirudie eneo wiki nzima halafu mzingo wiki nyingine. Achore shamba moja ubaoni, aulize mbegu za kulijaza ni kiasi gani na uzio wa kulizunguka ni wa urefu gani, kisha awaulize wanafunzi wenyewe maswali hayo mawili yanaachana wapi.