Bunduki Isiyojua Mafuta

Watu wakiitazama Sanamu ya Askari pale Samora, Dar es Salaam, huanza na singe inayoelekea bandarini. Mimi huanza na kitako cha bunduki. James Alexander Stevenson aliichonga kazi hii kwa ustadi, na tangu 1927 mwili ule ulioinama mbele bado unamfanya mpita njia apunguze mwendo. Lakini bunduki yenyewe ni kitu kipya siku zote. Mbao na chuma vyote ni shaba ileile, na huoni popote mkono uliowahi kuitunza.

Nimekulia Matembwe, katika nyumba yenye gobore. Babu alikuwa na leseni yake na alilitumia kwa ngedere na nguruwe pori walioingia kwenye mahindi. Kupiga ilikuwa kazi ya mara moja moja. Kutunza ndiko kulikokuwa kazi. Akishafyatua hata mara moja, halali kabla hajamimina maji ya moto mtutuni, kwa sababu masizi ya baruti huvuta unyevu na kula chuma, na ukungu wa kwetu una unyevu wa kutosha kumaliza mtutu mzima. Kisha tambara kwenye ufito, kisha mafuta, hadi tambara litoke safi. Kitako cha asili kilipopasuka alichonga kingine, kirefu zaidi, kwa kuwa mikono yake ilikuwa mirefu. Shingoni akakaza waya. Nilipojaribu kuliegemeza begani mwangu lilinikataa.

Novemba 1916 Wajerumani walishambulia Lupembe, jirani zetu, walikokuwa wamejichimbia askari wa Waingereza. Ni mwezi ambao mvua huanza. Bila shaka kuna aliyekaa chini ya turubai akisugua kutu, na sanamu haimjui mtu huyo.

Hiyo ndiyo lawama yangu ya miaka mingi, na sasa sina hakika nayo. Askari hakumiliki bunduki. Ilikuwa ya serikali, ina namba, na angethubutu kukata kitako kifuate mkono wake angeona cha moto. Alipewa, alirudisha. Pengine Stevenson, bila kukusudia, alisema kweli: silaha ile haikuwa na alama ya mtu kwa sababu haikuruhusiwa kuwa nayo.

Gobore nalo halirithiwi kama jembe. Leseni ni ya mtu, naye babu amekufa, kwa hiyo ukoo ulikubaliana lipelekwe polisi. Kituoni liliandikwa: gobore, moja. Waya haukuandikwa, wala urefu wa kitako.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimkuta baba mdogo jikoni amechemsha maji. Gobore lilikuwa halijapigwa kwa miaka. Nilimuuliza anasafisha nini. Akaniambia nimshikie taa.