Deni la Uso wa Lesley: Utamu wa Mwendelezo katika Riwaya za Peter Grant

Tumefundishwa, nasi tukakubali bila ubishi, kwamba kazi bora ya fasihi hujitosheleza. Ina mwanzo wake, kilele chake na mwisho wake, wala haihitaji mkongojo wa kitabu kingine. Kinachoandikwa baada ya hapo, na hasa kama ni hadithi ya wachawi na mizuka wanaoishi mjini, ati ni dalili kwamba mwandishi ameishiwa na mchapishaji ananusa pesa. Mimi mwenyewe nilikuwa katika kundi hilo. Katika makala haya nataka kulipinga, na mfano wangu ni riwaya za Mwingereza Ben Aaronovitch zinazomhusu Peter Grant, konstebo wa polisi wa London. Itabidi nitaje miisho ya vitabu, kwa hiyo anayechukia kuharibiwa uhondo anisamehe.

Mfululizo huu ulianza mwaka 2011 kwa riwaya ya Rivers of London. Peter ni kijana ambaye mama yake, mtu wa Sierra Leone, hufanya usafi maofisini, na baba yake ni mpiga jazi. Usiku mmoja yuko lindoni mahali palipouawa mtu, Covent Garden, akatokewa na shahidi. Tatizo la shahidi huyo ni moja tu: alikwisha kufa zamani. Peter hakimbii, anatoa daftari na kuandika maelezo yake. Kuanzia hapo anakuwa mwanagenzi wa Inspekta Nightingale, mchawi mwenye cheo cha polisi, na anajifunza uganga ambao katika ulimwengu huu wa kubuni ulitungiwa kanuni na Isaac Newton. Anajua pia kuwa Mto Thames una mama yake, msichana wa Nigeria aliyekwenda London kusomea uuguzi, akakata tamaa, akajitupa majini, na humo akawa mungu.

Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka mara moja Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Lakini mwelekeo ni wa kinyume. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) mpelelezi huondoa pazia la mzimu, na nyuma yake tunamkuta binadamu. Peter anaondoa pazia la kawaida ya binadamu, na nyuma yake kuna mzimu kweli. Tofauti ya pili ndiyo inayonihusu zaidi. Bwana Msa unaweza kumsoma kwa mpangilio wowote upendao. Mtu na kiko chake ni yule yule, kila kisa kinaanza upya. Kwa Peter huwezi. Nalijua hilo kwa sababu nilijaribu.

Kitabu cha kwanza kuangukia mikononi mwangu kilikuwa cha nne, Broken Homes (2013). Mwishoni mwake Peter amemkamata adui mkubwa, yule Mtu Asiye na Uso. Ghafla Lesley May, konstebo mwenzake, anampiga kwa nyuma kwa silaha ya umeme ya polisi, na adui anaponyoka. Nilisema, "Alaa, kumbe!" nikafunga kitabu. Hila ya msuko, nikaona, na si mbaya. Basi.

Baadaye nikapata vitatu vilivyotangulia. Katika cha kwanza Lesley ni askari hodari kuliko Peter, mrembo, mcheshi. Ndiye aliyekuwa naye zamu usiku ule wa Covent Garden. Kisha pepo anamwingia, na anapotoka uso wa Lesley unabomoka. Kitabu kinaishia karibu na hapo, na kwa kanuni yetu ya kujitosheleza ingetosha: tumepata msiba, tumepata funzo. Lakini Moon Over Soho, ya mwaka huo huo wa 2011, inamwendea Peter nyumbani kwa Lesley. Hawezi kusema vizuri, anachapa maneno na mashine inamsemea. Kinyume na tulivyozoea, uganga hauwezi kumponya. Katika Whispers Under Ground (2012) amekuwa mwanagenzi pamoja na Peter, amevaa barakoa, na vichekesho vyao vinaendelea kama kawaida. Kama kawaida! Hapo ndipo mwandishi alipotuficha kitu mbele ya macho yetu. Peter ndiye msimulizi, na Peter amezoea. Sisi pia tumezoea. Vitabu viwili vizima tunaiona barakoa na hatuulizi mwenye uso anawaza nini usiku.

Niliporudi kwenye Broken Homes, zile kurasa za mwisho hazikuwa hila tena. Nilizisoma nikiwa na aibu. Lesley hakugeuka ghafla. Ni mimi niliyekuwa sikumtazama. Maneno yalikuwa yale yale, wala hakuna nukta iliyobadilika, lakini athari ilitoka katika kurasa zilizokuwa ndani ya vitabu vingine. Sasa wale wanaotuambia tuchambue kazi kama kitu kilichojifunga wanaeleza vipi jambo hili? Na wanaodai kwamba wahusika wa riwaya pendwa ni bapa, nawauliza: wamesoma vitabu vingapi vya mfululizo huo, na kwa mpangilio upi? Anayesoma kimoja huona ubapa. Mduara wa Lesley una mzingo wa vitabu vinne.

Si kwamba kila mwendelezo unafaulu. Foxglove Summer (2014) unampeleka Peter mashambani Herefordshire, na kuna kurasa ambapo anazurura tu. Katika Lies Sleeping (2018) Lesley, ambaye uso wake umekwisha rudishwa, ndiye anayemuua bwana aliyemrudishia. Deni limelipwa, kwa njia mbaya. False Value (2020) ikalazimika kumtafutia Peter kazi mpya katika kampuni ya teknolojia. Naikubali kwa ufundi wa upelelezi, ila niliisoma kwa utulivu kupita kiasi. Sikuwa namwogopea mtu yeyote. Wapo wenzangu wanaoipenda kwa sababu hiyo hiyo, wakidai kwamba wamechoka kuumia.

Lesley, hata hivyo, alitoroka. Yuko nje bado, ana uso, na kila ninapoanza kitabu cha Peter kilichokuja baadaye natafuta jina lake kwanza.