Usikivu wa Taarabu
Wako wasemao kwamba msikilizaji mwema ni yule anyamazaye hata wimbo ukome. Hiyo ni ada ya kumbi za muziki za Ulaya. Taarabu ya Unguja, ambako chama cha Ikhwani Safaa kiliasisiwa mwaka 1905, ina ada nyingine. Mwanamke huinuka katikati ya ubeti, akamwendea mwimbaji kwa madaha, akamtunza fedha. Asidhaniwe kuwa hasikilizi: amechagua fumbo analolikiri kuwa lake, au analotaka jirani yake alisikie. Hapo ndipo utungo unapopata maana ambayo mtunzi hakuiandika. Basi mhakiki asomaye maneno karatasini tu, asitazame ni nani aliyeinuka na kwa mshororo upi, amehakiki nusu ya wimbo.