Senti Moja ya Kufuta Moshi

Februari 2019, soko la mtandaoni la Etsy, lenye makao yake New York, lilitangaza kwamba litafidia hewa ukaa yote inayotokana na kusafirisha vifurushi vya wauzaji wake. Gharama ilitajwa kuwa chini ya senti moja ya Marekani kwa kifurushi. Mtu aliyewahi kulipia mzigo wa ndege lazima akodoe macho. Senti moja hiyo inafuta moshi gani?

Nusu ya kwanza ya kazi hii ya kufidia ni hesabu tu, tena hesabu ya shule ya msingi. Uzito wa mzigo kwa tani huzidishwa kwa kilomita, kisha jibu huzidishwa kwa hewa ukaa ambayo chombo hutoa kwa kila tani-kilomita. Meli kubwa ya makontena hutoa gramu 10 hadi 20 hivi. Ndege ya mizigo hupita gramu 500. Chukua kilo moja ya maua ya Naivasha. Yakipanda ndege kutoka Nairobi hadi Amsterdam, kama kilomita 6,700, yanaacha angani zaidi ya kilo tatu za hewa ukaa. Yakiteremshwa Mombasa yapakiwe melini na kupitia Suez hadi Rotterdam, kilomita 11,500 hivi, hayafikishi robo kilo. Kontena la baridi hula umeme, lakini hata ukiuongeza huo, ndege bado iko mbali sana. Tangu 2023 kuna kiwango cha kimataifa cha hesabu hizi, ISO 14083, kinachodai hata lori linalorudi tupu lihesabiwe. Wajanja walikuwa wakilisahau.

Nusu ya pili ndiyo yenye utata. Kampuni hununua vyeti vya kaboni, kila kimoja kikisimama badala ya tani moja iliyozuiwa au kuondolewa kwingine: kwenye msitu, kwenye mitambo ya upepo, kwenye majiko yanayotumia kuni chache. Tuseme kifurushi kimoja kimetoa kilo mbili. Vifurushi 500 ndiyo tani. Senti 500 ni dola 5, basi tani hiyo imefidiwa kwa pungufu ya dola 5.

Mbona rahisi hivyo? Kwa sababu vyeti vingi vya misitu havipimi kilichotokea, vinapima ambacho kingetokea: miti mingapi ingekatwa lau mradi usingekuwepo. Anayekadiria maangamizi makubwa hupata vyeti vingi vya kuuza. Januari 2023 gazeti la The Guardian na wenzake walichapisha uchunguzi uliodai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya vyeti vya misitu ya mvua vilivyoidhinishwa na shirika la Verra havikuwa na upunguzaji wa kweli nyuma yake. Verra ilipinga hesabu hizo.

Si kwamba miradi mizuri haipo. Katika ghuba ya Gazi, Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja hutunza hekta 117 za mikoko na kuuza vyeti vya kama tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zimeingia kwenye maji na shule. Ila linganisha na bahari. Tani moja ya mafuta mazito ya meli hutoa tani 3.114 za hewa ukaa. Meli inayochoma tani 100 kwa siku hutoa zaidi ya tani 300, na hivyo humaliza jasho la mwaka mzima la Gazi kwa siku kumi, kabla haijafika Ulaya.

Ndiyo maana baadhi ya kampuni zimegeukia mafuta yenyewe. Mwaka 2023 kampuni ya meli ya Maersk ilizindua Laura Maersk, meli ya kwanza ya makontena duniani inayoweza kutumia methanoli badala ya mafuta mazito. Mteja anaweza kulipia nishati safi hata kama kontena lake limepanda meli nyingine, mradi vitabu vioneshe kwamba mafuta hayo yamechomwa na mojawapo ya meli za kampuni.

Umoja wa Ulaya, kwa upande wake, haukungoja hiari ya mtu. Tangu 2024 meli kubwa zinazotia nanga kwenye bandari zake hulazimika kununua vibali vya kutoa hewa ukaa, na kwa safari inayoanzia nje, kama ya kutoka Mombasa, nusu ya moshi wake huhesabiwa. Mwaka huo kibali cha tani moja kiliuzwa kwa zaidi ya euro 50. Wenye meli huihamishia gharama hiyo kwenye ankara ya mwenye mzigo, awe muuza samani au mkulima wa parachichi.