Neno Lililokatwa: Kinjeketile Darasani Katika Nchi ya Majani Chai

Desturi ya kuwapa wanafunzi kazi za ubunifu wasomapo tamthilia si ngeni, ingawa tangu mwaka 2017, Kenya ilipoanza kuuaga mfumo wa 8-4-4, imehimizwa zaidi kwa jina la miradi. Mwanafunzi huombwa achore jukwaa, aandike shajara ya mhusika, abuni mwisho mwingine, au alihamishe tukio alilete kijijini kwake. Makala haya hayakusudii kuipinga desturi hiyo. Yanauliza tu iwapo kazi hizo humwingiza mwanafunzi katika tamthilia au humtoa. Mfano wetu ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), kama tulivyoiona ikishughulikiwa na wanafunzi wetu wa ualimu katika shule kadhaa za Kericho na Bomet.

Tuanze na lililofana. Kikundi kimoja cha wasichana kiliyachukua mazungumzo ya wanawake juu ya uhaba wa chakula, kikaligeuza shamba la pamba kuwa shamba la chai. Waigizaji waliingia na vikapu mgongoni. Kwa mtoto aliyezaliwa katika laini za wafanyakazi, ambaye mamaye huondoka alfajiri umande ungali majanini, njaa iliyo kando ya shamba linalostawi haihitaji kufafanuliwa. Hata hivyo, ufanani huo una mipaka. Pamba ya Wajerumani ililimwa kwa amri na viboko. Chai ya Kericho, iliyoanza kupandwa kwa biashara katika miaka ya 1920, iliwavuta watu kwa kodi na haja ya fedha, wengine wakitoka mbali, Kisii na Nyanza. Mwalimu asipoichambua tofauti hiyo, atakuwa anafundisha kwamba mateso yote ni mamoja. Bahati njema, msichana mmoja aliuliza kwa nini watu wa Kinjeketile hawakugoma. Swali hilo lilitufaa kuliko vikapu vyote.

Lililotuhuzunisha ni jingine. Katika maonyesho manne tuliyoyatazama, matatu yalikata maneno yaleyale. Kinjeketile anapopandwa na pepo, pamoja na kuwaahidi watu ushindi juu ya Wajerumani, anawaambia kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Vijana waliyaona maneno hayo kuwa ya ziada. Sultani wa Unguja, walisema, hawahusu watu wa Bomet, na hotuba inapendeza zaidi ikiishia kwenye maji na umoja. Walimu wao waliafiki, wakausifu ufupisho huo kuwa ubunifu.

Kwa maoni yetu, hapo tamthilia nzima imebomolewa. Shaka ya Kinjeketile inatokana na maneno hayo. Ni uhuru gani huu wa kutoka mikononi mwa Mjerumani na kuingia mikononi mwa Sultani? Neno lililompa nguvu juu ya watu ndilo linalomfanya ashuku kwamba yeye mwenyewe amedanganywa. Ukilikata, anabaki shujaa wa sherehe za kitaifa, tena mwenye kigugumizi kisichoeleweka, maana mtazamaji hajui kwa nini anasitasita kuwaruhusu watu wapigane. Hata Kitunda, aliyekabidhiwa kuwafunza wapiganaji, hana tena wa kubishana naye. Na mwisho, Kinjeketile anapokataa kuyakana maji mbele ya waliomfunga, kukataa kwake kunakuwa ushupavu tu. Katika Hussein ni jambo zito zaidi: mtu anakataa kulikana neno ambalo yeye mwenyewe haliamini, kwa sababu limekwisha kuwa mali ya wengine na ya watakaozaliwa.

Mradi mwingine ulikuwa wa hatari zaidi, na pengine wenye faida kubwa zaidi. Wanafunzi waliombwa wawaulize wazee habari za mtu ambaye neno lake liliaminiwa na wengi. Huko Kericho swali kama hilo halikawii kuwafikia Watalai, ukoo wa orgoiyot. Mwaka 1905, mwaka wa Maji Maji, Koitalel arap Samoei aliuawa na Waingereza huko Nandi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamishia Watalai wa Kipsigis huko Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Wanafunzi walirudi na masimulizi mazuri, na wengine wamekwisha kumgeuza Kinjeketile kuwa Koitalel. Lakini Koitalel wa masimulizi yao hana shaka hata chembe. Hussein mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia. Yule wa historia alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga. Wa jukwaani anaishi hadi kuona neno lake limewafikisha watu wapi.

Tusijione bora. Tulipokuwa ng'ambo tukisomea shahada ya uzamili, sisi wenyewe tulijenga jukwaa la mchezo huu kwa maboksi ya viatu, tukapewa alama nzuri, na hakuna aliyetuuliza Seyyid Said alikuwa akitafuta nini humo.

Siku hizi tumeweka sharti. Anayetaka kukata maneno na ayakate, ila aandike pembeni ni tukio gani la baadaye litakaloyahitaji, kisha aliigize tukio hilo bila hayo. Kikundi kimoja cha Bomet kilijaribu, kikayarudisha. Kijana aliyemwigiza Kinjeketile alisimama katikati ya mazoezi akauliza ayatamke vipi: je, mtu aliyepandwa na pepo anayasikia anayoyasema, au anayajua baadaye, kwa kuambiwa? Kitunda wake alisema anasikia. Msichana aliyeshika kitabu alisema hasikii, ndiyo maana anaogopa akishaambiwa. Kengele ya chakula ililia kabla hawajakubaliana, na hakuna aliyeondoka.