Washauri wa Vyuo na Amana ya Wazee

Kila yatokapo matokeo ya Kidato cha Sita, mnamo mwezi wa Julai, hapa Tunduma hushamiri biashara ambayo wazee wetu hawakuijua. Katika maduka ya steshenari, na siku hizi zaidi katika makundi ya simu, hutokea watu wajiitao washauri wa vyuo. Humpokea kijana na mzazi wake, wakatazama alama, wakamchagulia chuo, wakamjazia fomu, wakamwombea na mkopo, kisha wakatwaa ujira wao. Ndugu zetu wa Mombasa, Tanga na Unguja hawatayaona haya kuwa mageni, kwani kwao yamekwisha vaa suti na kukodi ofisi. Sisi tutayatazama yalivyo huku mpakani, ambako hayana pazia.

Mji huu umelelewa na mawakala. Malori yaendayo Zambia na Kongo hayapiti ila awepo mtu wa forodha ajuaye karatasi; na hata baada ya kuzinduliwa kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde mwaka 2019, mwenye mzigo bado humkabidhi mjuzi nyaraka zake, naye akaenda kulala. Watu wamezoea hivyo. Basi mtoto naye amefanywa shehena: mzazi atoa pesa, wakala apitisha, na mwenye kupitishwa hana neno. Lakini gunia la sukari haliulizwi chochote lifikapo liendako. Mtoto ataulizwa darasani kwa nini yuko pale, ataulizwa na Bodi ya Mikopo, na kisha ataulizwa na Mola wake.

Hatusemi kuwa kutaka shauri ni kosa. Dini yetu ni dini ya mashauriano, na kumlipa mtu kwa kazi ya halali hakuna ubaya. Tena haja ipo ya kweli. Tangu mwaka 2010 maombi ya vyuo vikuu yalikuwa yakipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Mwaka 2017 mfumo huo ukaondolewa, na kila chuo kikawa chapokea maombi yake na ada yake. Mkulima wa kahawa wa Mbozi huambiwa kuwa mwanawe yampasa awe amefaulu masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1, na masomo yenyewe yawe yale yaliyotajwa na kozi. Atayajulia wapi hayo? Na mara nyingi kijana mwenyewe yuko kambini JKT, hana hata simu mkononi. Mtu akimsaidia mzazi huyu kwa uaminifu, huyo amefanya jambo la kheri, na ujira wake tunamtakia baraka.

Tunalolaumu ni kwamba wengi wao hawatoi shauri, bali hutwaa ulimi wa kijana. Wakala huandika namba yake mwenyewe ya simu, na neno la siri la maombi hulijua yeye peke yake. Sasa kijana akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, utaratibu wa TCU wamtaka athibitishe kimoja kwa namba maalumu itumwayo kwa ujumbe wa simu. Simu ya nani? Ya wakala. Mzazi akiiuliza namba huambiwa kuwa kuna ada nyingine ya kuthibitisha, na siku zinakwisha. Amana imegeuzwa rehani.

Kadhalika wale wanaopeleka vijana ng'ambo. Hao aghalabu husema huduma yao ni bure, na mzazi hufurahi. Vyuo vingi vya nje huwalipa mawakala kwa kila mwanafunzi aletwaye. Kwa hiyo yule anayekushauri chuo fulani huenda analipwa na chuo hicho hicho. Dalali anayekula kwa muuzaji huku akimwambia mnunuzi, "Mimi ni wako", twamjua jina lake sokoni. Hata shahada yenyewe, kijana akirejea nayo, hupelekwa TCU ikatambuliwe; mshauri mkweli angelianza kwa kulisema hilo.

Lakini liumizalo zaidi ni la mkopo. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutazama hali ya mwombaji: yatima, mwenye ulemavu, mtoto wa kaya inayosaidiwa na TASAF. Mshauri mwerevu akilijua hilo humwambia mzazi mwenye duka na gari kuwa mambo yatakuwa mepesi iwapo baba atakuwa amekufa. Basi baba yu hai, anaswali safu ya mbele, na katika karatasi ni marehemu! Twauliza, je, mama akae eda? Kwa ajili ya watu kama hao, vyeti vya vifo hupelekwa kwanza kuhakikiwa RITA, na yatima wa kweli aliyefiwa na baba kijijini Ileje, asiye na cheti hata cha kuzaliwa, ndiye asumbukaye kwa safari na nauli. Fungu la mikopo lina mwisho wake. Kinachopewa mtoto wa tajiri kwa kifo cha uongo kimetoka katika sahani ya mtu.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni Madina, akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta juu ni kavu na chini limelowa, akamkataza mwenye rundo hila ile. Faili la kijana huyu ni rundo hilo hilo.

(Ama suala la riba katika mkopo huo ni mlango mwingine. Ile nyongeza ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa mwaka 2021. Mwenye shaka na amwendee mwanachuoni wake na mkataba mkononi, asiwasikilize watu wa steshenari.)

Wala msidhani kuwa haya ni ya maskini wa mipakani. Mwezi wa Machi 2019 Marekani ilitikisika kwa kesi ya mshauri wa vyuo aitwaye Rick Singer. Matajiri walimlipa zaidi ya dola milioni 25 kati ya mwaka 2011 na 2018, naye akawatafutia watoto wao kile alichokiita mlango wa pembeni: majibu ya mitihani yakisahihishwa na mtu mwingine, na vijana wasiocheza mchezo wowote wakaandikwa kuwa wanamichezo, wengine kwa picha za kutengenezwa. Alihukumiwa Januari 2023 kifungo cha miaka mitatu na nusu. Walikuwamo watoto ambao hawakujua kuwa wazazi wao wamewanunulia nafasi. Hebu fikirini moyo wa kijana anayegundua kuwa baba yake hakumwamini.

Huenda mtu akasema, "Sheikh, usiponunua mshauri, mwanao atapitwa." Tutamjibu: amekwisha pitwa miaka minne kabla, na huyo mshauri hakuwapo. Mlango wa chuo hufungwa Kidato cha Pili na cha Nne, wakati wa kuchagua masomo na tahasusi, ambazo tangu mwaka 2024 zimeongezeka mno. Nitatoa mfano mmoja utuhusuo. Kozi nyingi za cheti na stashahada zilizo chini ya NACTVET hutaka ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne yasiyo ya dini. Sisi ndio tunaowahimiza vijana wasome Elimu ya Dini ya Kiislamu, na hatutaacha. Lakini mwalimu wa madrasa asiyemweleza mzazi hesabu hiyo mapema amemwacha kijana aingie sokoni na pishi pungufu.

Na kazi hii haihitaji ofisi. Misikiti yetu, kuanzia hapa hadi Mbeya kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, ina vijana waliokwisha pita njia hii. Wawili watatu wakae baada ya Alasiri siku za maombi, kijana ajaze kwa mkono wake, kwa namba yake au ya mama yake, na baba awe pembeni akisikiliza. Yatima aliyeshindwa na ada ya maombi, sanduku la msikiti lipo.